Baba ana jongo, mdogo wangu ana lupasi: je, mchochota ni wa ukoo?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu, niko Morogoro, nina miaka 36. Baba anasumbuliwa na jongo miaka mingi. Mdogo wangu wa kike aligundulika na lupasi mwaka jana. Mwezi uliopita nilipima afya kwenye banda la upimaji wa bure, CRP yangu, ile protini ya damu wanayoipima kuona inflamesheni, ikasoma 7, na karatasi ikaonyesha pia kwamba neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, ni chache. Aliyenipima akasema "inflamesheni" imo kwenye damu ya ukoo wetu na ndiyo mama wa magonjwa yote. Anauza kipimo cha DNA pamoja na dawa lishe ya miezi mitatu ya kuishusha, na bei yake inazidi mshahara wangu wa mwezi. Kweli hii kitu inarithiwa? Ninunue?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usinunue. Nimelitanguliza hilo ili usome mengine ukiwa umetulia, maana swali lako la kwanza ni zuri kuliko la pili na halijibiki kwa mstari mmoja.

Hiyo inflamesheni nitaiita mchochota. Unaijua hata kama hujawahi kuiita jina. Ukijikata kidole jikoni, kesho yake kinakuwa chekundu, cha moto, kimevimba na kinauma. Dalili hizo nne aliziandika Mroma mmoja, Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita, na hadi leo wanafunzi wa udaktari wanazikariri. Pale mwili uko kazini: mishipa midogo imetanuka, seli nyeupe zimeitwa, vijidudu vinashambuliwa, uchafu unazolewa. Kila binadamu ana jeni za kazi hiyo, na mtoto anayezaliwa bila baadhi yake mara nyingi hafiki mbali kabla maambukizi hayajamzidi. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba mchochota umo kwenye damu ya ukoo wenu hakukosea. Umo kwenye damu yake pia.

Watu hutofautiana katika namna moto huo unavyopata kuni, unavyowashwa na unavyozimwa. Hayo ni mambo matatu tofauti, yana jeni tofauti, na nyumbani kwenu yanaonekana angalau mawili.

Tuanze na mzee. Jongo linatokana na asidi ya yuriki kuzidi kwenye damu mpaka inaganda na kuwa chembe kali kama sindano ndani ya kiungo, hasa kwenye dole gumba la mguu. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuivunja asidi hiyo. Sisi binadamu na sokwe jeni yake imeshakufa tangu enzi za mababu wa mababu, ndiyo maana tunategemea figo na utumbo kuitoa. Mwaka 2006 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba chembe zile huamsha mtambo fulani ndani ya seli nyeupe, uitwao inflamasomu, nao hukata na kuachilia interlukini 1, kemikali ya kupeleka ujumbe wa kuwasha mchochota. Hiyo ndiyo inayomfanya mzee ashindwe hata kuguswa na shuka usiku.

Sasa angalia jambo la ajabu kidogo. Jeni zenye uzito mkubwa zaidi katika jongo, kama SLC2A9 na ABCG2, hazishughuliki na mchochota hata kidogo. Zinatengeneza milango ya kupitisha asidi ya yuriki kwenye figo na utumbo. Kwa maneno mengine, kinachorithiwa zaidi kwenye jongo ni kuni. Kiberiti cha mzee kinaweza kuwa sawa kabisa na cha jirani yake asiyeugua. Ndiyo maana dawa ya kushusha asidi, akiimeza kila siku bila kuruka, inamsaidia kwa miaka, wakati dawa ya maumivu inapooza tukio la usiku ule tu. Muulize pia kama anatumia vidonge vya kukojoza kwa ajili ya presha. Baadhi yake huongeza asidi hiyo, na huyo mlaumiwa haitwi DNA.

Kuna magonjwa ambayo kiberiti chenyewe ndicho kibovu. Mfano unaofundisha kuliko yote ni homa ya kurithi ya Mediterania, inayowapata zaidi Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu. Mgonjwa hushikwa na homa na maumivu makali ya tumbo au kifua kwa siku moja hadi tatu, kisha yanaisha yenyewe, na baada ya wiki kadhaa yanarudi. Wengi walipasuliwa tumbo bure wakidhaniwa wana kidole tumbo. Mwaka 1997 timu mbili zilizokuwa zikishindana zilifika kwenye jeni ileile, MEFV. Moja iliita protini yake pirini, kutoka neno la Kigiriki la moto. Pirini ni mlinzi anayenusa kama kuna bakteria anayechezea mitambo ya ndani ya seli, akimnusa anapiga king'ora. Kwa wagonjwa hawa king'ora kinalia hata mwizi hayupo.

Mbona jeni mbovu hivyo isifutike? Katika baadhi ya jamii hizo anayebeba nakala moja yake hufika hata mtu mmoja kati ya watano. Jibu lilitolewa mwaka 2020. Bakteria wa tauni, ule ugonjwa wa panya na viroboto ulioua mamilioni, ana protini ya kumnyamazisha pirini. Pirini aliyebadilika ni mbishi kunyamazishwa. Aliyekuwa na king'ora chepesi alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuiona asubuhi wakati tauni inapita kijijini. Wajukuu wake leo wanalipa deni hilo kwa homa zisizo na mwizi wala mdudu.

Nimekwenda mpaka Mediterania kwa sababu hesabu ya namna hiyo ipo pia huku kwetu, nayo inamgusa mdogo wako.

Lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, ni kesi ya uzimaji. Kila siku mabilioni ya seli zetu hufa na lazima mabaki yafagiwe. Wapo wafagizi maalumu wa kazi hiyo, mojawapo ni protini iitwayo C1q. Wale wachache sana duniani wanaozaliwa bila C1q karibu wote hupata lupasi, na hakuna jeni nyingine ya lupasi yenye nguvu kama hiyo. Mabaki yasipozolewa, mwili unakutana na vinasaba vyake vyenyewe vimetapakaa nje ya seli, unadhani ni virusi, unatengeneza kingamwili dhidi yake na kumwaga interferoni, kemikali ya kuamsha kinga dhidi ya virusi. Mgonjwa wa kawaida kama mdogo wako hajakosa C1q. Ana mkusanyiko wa tofauti ndogondogo kwenye jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo tu, pamoja na homoni, jua na mambo mengine ya maisha.

Mojawapo ya tofauti hizo iko kwenye breki. Seli zinazotengeneza kingamwili, na zile zinazomeza vijidudu, zina kipokezi kinachoziambia "basi, inatosha". Jeni yake ni FCGR2B. Ipo aina yake ambayo breki haishiki, na aina hiyo huongeza hatari ya lupasi. Huko Ulaya ni adimu. Afrika na kusini mashariki mwa Asia ni ya kawaida zaidi. Mwaka 2010 ulitoka utafiti uliohusisha watoto wa Kenya, ukaonyesha kwamba wenye nakala mbili za breki hiyo mbovu walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Kinga isiyo na breki inameza vimelea vya malaria kwa pupa. Mtoto anapona malaria, anakua, na akiwa na bahati mbaya ya mambo mengine, kinga ileile inamgeukia ukubwani. Sikuambii kwamba mdogo wako anayo aina hiyo, hajapimwa na hakuna haja ya kumpima. Nataka tu uone kwamba jeni hizi hazikuingia kwenye koo zetu kama laana. Zilibaki kwa sababu ziliokoa watoto.

Na wewe je? Watu huogopa wakisikia "inarithiwa". Chukua mapacha wanaofanana kabisa, wenye vinasaba vilevile: mmoja akiwa na lupasi, mwenzake naye huugua, hata kwa hesabu za juu, takriban mara moja kati ya nne. Kwenye baridi yabisi ni pungufu ya hapo, karibu asilimia 15 katika utafiti uliofanywa Uingereza. Hao ni mapacha. Wewe na mdogo wako mnagawana nusu tu.

Kuna jeni moja ambayo ningependa uijue kwa sababu ya mdogo wako, ingawa hiyo nayo simshauri aipime kwa sasa. Inaitwa APOL1. Protini yake huelea kwenye damu na kuua vimelea vya jamii ya malale kwa kuwatoboa. Kimelea cha malale ya huku Afrika Mashariki, kinachosambazwa na mbung'o, kilijifunza kuikwepa. Baadhi ya Waafrika wakapata mabadiliko mawili ya jeni hiyo, yaliyopewa majina makavu ya G1 na G2, yanayorudisha mapambano. Ni mengi zaidi Afrika Magharibi, huku kwetu ni machache, na Ethiopia ni kama hayapo. Mwaka 2010 iligundulika kwamba Wamarekani weusi wenye nakala mbili za aina hizo wana hatari kubwa zaidi ya figo kushindwa kazi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakisema figo zao zinakufa kwa sababu ya presha au umaskini pekee.

Lakini takriban asilimia 13 ya Wamarekani weusi wana nakala mbili, na wengi wao wanazeeka na figo zao nzima. Kuna kitu kingine lazima kiingie. Kitu hicho mara nyingi ni mchochota, hasa ule wa interferoni, kwa sababu interferoni ndiyo inayoiamuru seli ya figo itengeneze APOL1 kwa wingi. Kuna wagonjwa waliopewa interferoni kama dawa figo zikaharibika ghafla, na walipopimwa wakakutwa na nakala mbili. VVU isiyotibiwa hufanya hivyohivyo. Kwa Waafrika Kusini weusi wenye VVU, nakala mbili ziliongeza hatari ya ugonjwa wa figo wa VVU kwa makumi ya mara. Ukimpa mtu huyo ARV akafubaza virusi, interferoni inatulia na figo inapumua. Jeni haijabadilika hata herufi moja. Lupasi nayo ni ugonjwa wa interferoni, na wenye lupasi na nakala mbili za APOL1 figo zao huchakaa haraka zaidi. Nitalirudia hili mwishoni.

Sasa CRP yako. Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto, nami siwapingi. Ila hawakusema moshi ndio unaochoma nyumba.

CRP iligunduliwa New York mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia. Inatengenezwa na ini likiamriwa na interlukini 6, kemikali nyingine ya ujumbe wa mchochota. Inapanda haraka mno ukiugua, na moto ukizimika nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban saa 19. Kwa muda mrefu ilijulikana kwamba wenye CRP ya juu kidogo, hata wakiwa wazima, hupata mshtuko wa moyo zaidi. Je, CRP inaharibu mishipa, au inapanda tu kwa sababu mishipa imeshaharibika? Huwezi kuchukua watu elfu, ukawapandishia CRP kwa miaka 30 ukatazama nani anakufa.

Ila mimba imeshafanya jaribio hilo. Kila mtoto anapotungwa hupiga kura: anachukua nusu ya jeni za mama na nusu za baba, bila kujali atakuja kuwa tajiri au maskini, mvuta sigara au asiyevuta. Wapo waliopata kwa kura hiyo aina ya jeni ya CRP inayowapandishia kiwango maisha yao yote. Mwaka 2008 watafiti wa Copenhagen waliwatazama. Baadhi ya aina hizo ziliambatana na CRP iliyo juu kwa hadi asilimia 64. Kama CRP ingekuwa sumu, hao wangeongoza kwa magonjwa ya moyo. Hawakuongoza.

Mwaka 2012 jaribio hilohilo la kura likageuziwa kwenye kipokezi cha interlukini 6, hatua moja nyuma ya CRP. Waliozaliwa na aina inayodhoofisha ujumbe wa interlukini 6 walikuwa na CRP ya chini, na safari hii hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo nayo ilikuwa chini kidogo. Hapo ndipo tukajua moto uko chumba gani. Nasema bila kuona haya kwamba hii ni moja ya hoja safi zaidi ninazozijua katika tiba, na ilipatikana bila kumpa mtu yeyote kidonge.

Kidonge, au tuseme sindano, ilifuata. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio la CANTOS, wagonjwa 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na ambao CRP zao zilikuwa juu. Walipewa dawa ya kuzuia interlukini 1, ileile inayomtesa mzee wako usiku. Kwa kipimo cha kati, mshtuko mpya wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15. Lakini waliokufa kwa maambukizi waliongezeka, na jumla ya vifo haikubadilika. Dawa nyingine za kuzima mchochota, zile zinazoziba TNF, kemikali nyingine ya mchochota, na kutumika kwenye baridi yabisi, tangu mwaka 2001 inajulikana kwamba zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa nchi kama yetu hilo si jambo dogo. Ukiona mtu anauza unga wa "kuzima inflamesheni yote" mwilini, furahi kwamba haufanyi kazi.

Kuhusu kipimo cha DNA anachokuuzia. Kipo cha kweli, hospitalini, kwa mtu mwenye homa zinazojirudia tangu utoto au mtoto mwenye lupasi akiwa na miaka minne. Cha bandani kitakupa "alama ya hatari" iliyojumlishwa kutoka jeni mamia. Alama hizo zimepikwa kwa damu za watu ambao zaidi ya asilimia 80 asili yao ni Ulaya. Mfano mzuri ni jeni iitwayo PTPN22. Aina yake inayoongeza hatari ya baridi yabisi ni maarufu sana Ulaya, na kwa Waafrika karibu haipo. Kipimo kitakupongeza kwa kukosa kitu ambacho bibi yako, mama yake na majirani zao wote hawakuwa nacho, na kitanyamaza kuhusu vile ulivyo navyo. Kazi ya kurekebisha hilo imeanza. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa vijijini kusini magharibi mwa Uganda, na ndani yake kulikuwa na tofauti nyingi ambazo hazikuwahi kuonekana kwenye takwimu za Wazungu. Lakini bado tuko mbali na kumwambia mwalimu wa Morogoro hatari yake kwa asilimia.

Neutrofili chache nazo huenda zikawa stori hiyohiyo ya vipimo vilivyoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Waafrika wengi hatuna alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, jambo lililowalinda mababu dhidi ya aina ya malaria iitwayo vivaksi. Wasio na alama hiyo huwa na neutrofili chache kwenye damu inayozunguka, na hawaugui zaidi ya wengine. Mashine ikiwekewa viwango vya Ulaya inakuwekea nyota nyekundu. Kama huugui ovyo na majibu yako ya zamani yalikuwa hivyohivyo, lala usingizi. Kama zilikuwa nyingi zikashuka sasa, au ni chache mno, au chembe nyingine nazo zimepungua, hapo mwone daktari, hasa kwa kuwa lupasi nayo hushusha seli nyeupe.

Na hiyo 7? Subiri wiki tatu ukiwa huna mafua, jino wala kidonda, urudie. Kumbuka kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha CRP, kitambi hupandisha, fizi zinazotoka damu hupandisha, na sigara pia. Mambo hayo manne yatakueleza CRP za namna hii mara nyingi kuliko jeni yoyote niliyoitaja hapa. Ukiona vipele usoni vinavyochochewa na jua, viungo vya mikono kuuma na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, au homa zisizoeleweka, usiende bandani. Nenda hospitali ya mkoa, na useme mlangoni kwamba una mdogo wako wa damu mwenye lupasi.

Huyo mdogo wako ndiye ningempa hela uliyokuwa unataka kumpa muuza dawa lishe. Haidroksiklorokwini, dawa ya lupasi, asiikatishe hata akijisikia mzima, na macho yake yapimwe kwa ratiba atakayopewa. Presha ipimwe kila hudhurio. Na kwa sababu ya yale niliyosema kuhusu interferoni na figo, mkojo wake uangaliwe protini, na kreatinini ya damu, inayoonyesha kazi ya figo, ipimwe, hata kama haumwi popote, kwani figo ya lupasi huanza kuharibika bila kuuma. Kijiti cha mkojo ni cha bei ndogo na majibu yanatoka hapohapo. Kama hajapimwa miezi mitatu iliyopita, mpeleke wiki hii.